Siku tatu ndani ya maji: utafiti juu ya muhogo unatufundisha nini



Mara nyingi mnatuuliza: hawa watu wa utafiti wanaokuja vijijini na madaftari, na mizani, na vichupa vya kuchukulia damu, wanatafuta nini kabisa? Wanauliza maswali, wanaandika, wanapanda gari, wanaenda. Sisi tunabaki na mashamba yetu na njaa yetu. Swali ni la haki, na linastahili jibu la kushikika.

Katika toleo hili tunachukua utafiti mmoja uliofanyika hapa kwetu Kongo, juu ya chakula tunachokula karibu kila siku: muhogo. Tutaufuata toka mwanzo mpaka kwenye beseni la mama jikoni. Ndani yake mtaona kazi ya munganga, kazi ya mtu wa maabara, kazi ya mtu anayepima akili ya watoto wa masomo, na kazi ya mtu anayehesabu faida ya soko. Mtaona pia kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kumaliza shida peke yake. Walihitaji kujua kitu ambacho wamama wa kijiji tu walikuwa wanakijua: muhogo unalala majini siku ngapi, na juu ya nini.

Ugonjwa unaofunga miguu

Kusini-magharibi ya inchi yetu, katika Kwango, upande wa mpaka wa Angola, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina limetoka katika lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Ndivyo unavyofanya. Mtu analala akiwa mzima. Asubuhi anataka kusimama, miguu inakataa. Inakakamaa kama mti, magoti yanagusana, visigino havishuki chini.

Ugonjwa unafika ghafla, kisha unabaki pale pale ulipofika. Hauzidi, lakini pia hauponi. Mwenye bahati anatembea kwa ncha za vidole. Mwingine anatembea kwa fimbo moja, mwingine kwa fimbo mbili, na mwingine anatambaa chini maisha yake yote. Kwa wale walioshikwa sana, hata mikono na ulimi wa kusema vinalegea. Unashika zaidi watoto waliokwisha kuacha kunyonya, na wamama walio katika umri wa kuzaa. Dawa ya kuuponya haipo mpaka leo.

Munganga mmoja Mwitalia, Giovanni Trolli, aliyefanya kazi Kongo wakati wa Wabelgiji, aliandika juu ya konzo mwaka 1938. Watu wa Kwango, wao, walikuwa wameshaujua na kuupa jina. Lakini chanzo chake kilibaki giza kwa miaka mingi. Kijijini watu walisema ni uchawi. Waganga wa hospitali walifikiria mdudu wa kuambukiza, kama ule wa polio.

Msiseme: Kwango ni mbali, hii si habari yetu. Konzo imeonekana pia Msumbiji, Tanzania, Kameruni na Afrika ya Kati. Na mwaka 2011 waganga wa kwetu waliandika juu ya wagonjwa wa konzo katika Kivu Kusini, mahali ambapo vita viliwafanya watu wakimbie mashamba na kula walichokipata. Popote watu wanapokula muhogo mchungu peke yake, na kuutayarisha kwa haraka, konzo inaweza kubisha hodi.

Munganga anauliza, analinganisha

Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula kule Msumbiji, jua lilichoma mashamba. Katika ukame huo, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao wakiwa watoto na wamama. Kati ya waganga waliochunguza walikuwemo Julie Cliff, mama toka Australia, na Hans Rosling, toka Swideni.

Kwanza walishuku virusi. Lakini utafiti ni kazi ya kulinganisha, na walipolinganisha, mambo hayakukubaliana na wazo lile. Ugonjwa wa kuambukiza haubagui: unafuata barabara na soko, unaingia mjini, unashika wote wanaokaa pamoja. Huu ulibaki katika vijiji vya mashambani, kwa watu ambao jua lilikuwa limewaachia karibu muhogo mchungu peke yake. Watoto wachanga waliokuwa wanaishi kwa maziwa ya mama hawakushikwa. Swali likageuka. Badala ya kuuliza "nani amemwambukiza nani?", wakauliza "hawa wamekula nini?" Walipopima damu na mkojo, walikuta mabaki mengi ya sumu ya sianidi.

Hapo tunaona somo la kwanza la utafiti. Mtafiti anaanza na wazo, lakini analiweka mbele ya mambo yanayoonekana. Mambo yakikataa, anayepaswa kubadilika ni wazo.

Sumu inatoka wapi?

Kila mkulima anajua kwamba kuna mihogo mitamu na mihogo michungu. Ule mchungu una faida zake, na hakuna mtaalamu anayepaswa kuudharau. Unavumilia udongo uliochoka. Wezi wanauogopa, nguruwe wa pori na panya nao hawaupendi sana. Njo maana mababu zetu waliushika.

Ndani ya muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini. Kikiwa peke yake kimetulia. Pembeni yake, katika kuta ndogo ndogo za mzizi, kuna kitu cha pili ambacho kazi yake ni kukivunja. Muhogo ukiwa mzima, hivi viwili havikutani. Ukikwaruza muhogo, ukautwanga, au ukauacha majini mpaka ulainike, kuta zinabomoka, vinakutana, na hapo sianidi inatoka. Sianidi hiyo ni kama hewa: ikipata njia inapanda na kupotea.

Sasa tunaelewa kazi ya bibi zetu. Kuloweka siku tatu mpaka muhogo unalainika, kuumenya, kuuponda, kuuanika: kila hatua inaipa sumu njia ya kutoka kabla ya chakula kufika kinywani. Tunaelewa pia juu ya nini kuchemsha haraka muhogo mchungu ulio mzima hakutoshi. Moto unakiharibu kile kitu cha pili kabla hakijamaliza kazi yake, na linamarini inabaki ndani. Hata kuumenya na kuuanika juani bila kuuloweka kunaacha sumu nyingi.

Ukame nao unaongeza shida. Muhogo ulioteseka kwa jua kali unakusanya sumu zaidi. Basi mwaka wa njaa, muhogo unakuwa mkali zaidi, na ndio mwaka ambao watu wana haraka zaidi ya kula.

Mwili wetu una njia yake ya kujilinda. Unaifunga sianidi na kuitoa katika mkojo. Lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, ambayo inatoka katika vyakula vya kujenga mwili: samaki, nyama, mayai, maharage, karanga. Anayekula bugali wa muhogo pamoja na maharage au ndakala ana kinga. Anayekula bugali huo na majani kidogo tu, kila siku, mwezi baada ya mwezi, kinga yake inaisha. Konzo basi inahitaji vitu viwili kwa pamoja: sumu nyingi katika sahani, na sahani isiyo na kitu kingine.

Barabara ilipofika, muhogo ukaanza kukimbia

Hapa inaingia kazi ya mtu wa uchumi, na hapa ndipo habari inatugusa sisi watu wa koperative moja kwa moja.

Katika jimbo la zamani la Bandundu, watu walikuwa wamekula muhogo mchungu kwa vizazi vingi. Kama muhogo wenyewe ndio sababu, kwa nini vijiji vingi viliona konzo ikiongezeka katika miaka ya 1970 na 1980, na vijiji vingine vya jimbo lile lile havikuona? Jean-Pierre Banea, mtaalamu wa chakula wa Kongo, pamoja na Thorkild Tylleskär, Hans Rosling na wenzao, walikwenda kutazama. Matokeo yao yalitoka mwaka 1992.

Walikuta kwamba barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilikuwa imebadilisha kila kitu. Magari ya wanunuzi yalianza kufika. Mji mkubwa ulikuwa na njaa ya muhogo, na franga zilikuwa mkononi. Muhogo ambao zamani ulilala majini siku tatu au zaidi, sasa ulitolewa baada ya siku mbili, hata siku moja, ili uwahi kukauka na kuwahi gari. Na kwa sababu tayari ulikuwa umetolewa, familia nazo zikala ule ule wa haraka. Walipopima muhogo uliolowekwa kwa muda tofauti, waliona wazi: siku moja inaacha sumu nyingi, siku tatu zinaishusha mpaka kiasi kisichotisha. Pale ambapo wamama walishika zile siku tatu, konzo haikuwepo.

Tusimame kidogo hapa. Hatutasema barabara ni mbaya. Sisi wenyewe tunalia kila mwaka tukiomba barabara. Wala hatutasema wamama walikuwa wazembe. Walikuwa wanahesabu kama kila mfanyabiashara anavyohesabu: ada ya masomo inadaiwa, gari liko njiani, siku mbili zaidi ni hasara. Kitu ambacho hawakukijua ni bei ya zile siku mbili. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa ameipima. Bei hiyo ililipwa na miguu ya watoto.

Mama wa Makanga

Utafiti wa namna hii haufanyiki bila watu kukubali, na kukubali si kazi nyepesi. Hans Rosling amesimulia katika kitabu chake yaliyompata mwaka 1989 katika kijiji cha Makanga, huko Bandundu. Walifika na mashini zao ili wachukue damu na mkojo. Uvumi ukaenea kwamba wageni wamekuja kuiba damu ya watu wakaiuze. Watu wakakusanyika kwa hasira, wengine na mapanga mkononi.

Yeye na mkalimani wake wakaanza kueleza kazi yao, lakini hasira ilikuwa bado juu. Ndipo mama mmoja, mtu wa miaka kama hamsini, miguu mitupu, alipotoka katikati ya watu akawageukia wenzake. Aliwakumbusha namna surua ilivyokuwa inaua watoto wao, mpaka siku chanjo ilipofika. Akawauliza, chanjo ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu waliochunguza ugonjwa. Akataja mjukuu wake aliyelemazwa na konzo. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, akataka damu yake ichukuliwe. Watu wakapanga mstari nyuma yake.

Mama yule alielewa utafiti kuliko wasomi wengi. Aliupima kwa matunda yake. Lakini na wale wenye hasira tuwaelewe: walikuwa na haki ya kuuliza. Wageni waliofika kuchukua damu kabla ya kueleza vizuri na kueleweka walikuwa na deni kwa kijiji. Tutarudi kwenye jambo hili mwishoni.

Karatasi ya rangi na beseni la unga

Baada ya kujua chanzo, ilibaki kazi ya ufundi: namna ya kupima sumu kijijini, pasipo maabara wala umeme, na namna ya kuitoa kwa familia ambazo tayari zina unga wa haraka ndani ya nyumba.

Mtu aliyefanya kazi kubwa hapo ni Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, kule Canberra. Yeye na wenzake walitengeneza kipimo chepesi. Unaweka unga kidogo kabisa ndani ya kichupa pamoja na maji na kipande cha karatasi ya manjano, unafunga. Kesho yake unatazama: kadiri sumu ilivyo nyingi, karatasi inageuka toka manjano kwenda kahawia. Unaweka rangi hiyo pembeni ya kadi ya rangi, unasoma kiasi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na chakula yaliweka mpaka wa miligramu 10 katika kilo moja ya unga. Ni kidogo sana: gramu moja ingetosha kilo 100 za unga.

Jambo la pili ni la jikoni, na halidai hata franga moja zaidi. Linaitwa njia ya kulowanisha unga. Katika unga wa muhogo bado mna linamarini na bado mna kile kitu kinachoivunja, lakini vikiwa vikavu havifanyi kazi. Ukilowanisha, vinaamka, sianidi inatoka na kupanda hewani.

Namna ya kufanya ni hii:

1. Tia unga mkavu ndani ya beseni, usawazishe, kisha weka alama kwa ndani pale unga ulipofika.

2. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kuongeza maji.

3. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka au turubai safi, mwembamba, usizidi unene wa sentimita moja.

4. Uache saa mbili kwenye jua, au saa tano kivulini.

5. Pika bugali siku hiyo hiyo. Usiuweke mpaka kesho, maana unga wenye maji unaota ukungu.

Sumu iliyobaki inakuwa theluthi moja ya ile ya kwanza, au chini zaidi. Wamama wengi waliojaribu walisema bugali unakuwa na ladha nzuri, kwa sababu ule uchungu umeondoka.

Kati ya 2010 na 2011, Banea, Bradbury na wenzao waliipeleka njia hii katika kijiji cha Kay Kalenge, katika Popokabaka, huko Kwango, kijiji kilichokuwa na wagonjwa wengi wa konzo. Wamama walifundishwa, nao wakafundishana. Mkojo wa watoto ulipimwa kabla na baada, na mabaki ya sumu yakashuka. Katika muda wote wa kazi hiyo, hakukuwa na mgonjwa mpya hata mmoja. Na jambo linalotufurahisha zaidi: watafiti waliporudi baada ya zaidi ya mwaka, wamama walikuwa bado wanaendelea wenyewe, na vijiji jirani vitatu vilikuwa vimejifunza kwa kusikia tu toka kwa wenzao.

Na watoto wanaotembea vizuri?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: kwetu hakuna aliyepooza, basi tuko salama. Utafiti wa mwaka 2013 unatuonya.

Désiré Tshala-Katumbay, munganga wa mishipa ya fahamu mwenye asili ya Kongo, pamoja na Michael Boivin toka Marekani na wenzao wa Kinshasa, walikwenda Kahemba. Walipima kumbukumbu, uwezo wa kujifunza na wepesi wa mikono ya watoto. Walilinganisha makundi matatu: watoto wenye konzo, watoto wa nyumba zenye konzo ambao wao wenyewe wanatembea vizuri, na watoto wa kijiji ambacho konzo haipo.

Wenye konzo walikuwa nyuma, kama mtu angetegemea. Lakini hata wale wanaotembea vizuri, wa nyumba zenye konzo, walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisicho na konzo. Maana yake ni nzito. Sumu kidogo ya kila siku inaweza kukaa bila kufunga miguu, huku inamkwamisha mtoto mbele ya ubao. Mwalimu anasema mtoto hana akili. Mzazi anamtoa masomoni. Kumbe shida inaweza kuwa ilianzia kwenye mtungi wa kulowekea.

Tazameni sasa namna mambo yanavyofungana. Gari la mnunuzi linafupisha siku za majini. Siku fupi zinaacha sumu. Sumu inapunguza uwezo wa mtoto. Na franga zilizopatikana kwa haraka ndizo zilizokuwa zilipe masomo ya mtoto huyo huyo.

Koperative ifanye nini?

Shauri la kwanza ni kulinda siku tatu. Tunajua mtasema: mnunuzi hangoji. Basi tufanye hesabu pamoja. Tuseme mna mashimo au mapipa matatu ya kulowekea. Siku ya Kwanza mnajaza shimo la kwanza, siku ya Pili la pili, siku ya Tatu la tatu. Siku ya Ine mnatoa muhogo wa shimo la kwanza, ukiwa umelala siku tatu kamili, na mnalijaza tena. Siku ya Tano mnatoa wa shimo la pili. Toka hapo, kila siku kuna muhogo unaotoka, na kila mmoja umekamilisha siku zake. Kungoja kunakuwa mara moja tu, mwanzoni. Mama mmoja peke yake hawezi kuwa na mashimo matatu, maji ya kutosha na mtu wa kuyalinda. Koperative inaweza. Njo faida ya kuwa pamoja.

Mahali ambapo maji ni baridi, kama kwenye milima, muhogo unachelewa kulainika. Hapo msihesabu siku peke yake. Bonyezeni kwa kidole: kama bado ni mgumu katikati, uongezewe siku.

Shauri la pili: mwekeane sharti moja ndani ya koperative, kwamba muhogo wa siku moja haupokelewi gharani. Na aliyeleta wa siku tatu asipate bei sawa na aliyekimbiza. Bei ikiwa sawa, wenye subira watachoka.

Shauri la tatu: wamama wafundishane njia ya kulowanisha unga. Haichukui nafasi ya kuloweka mizizi. Ni ulinzi wa pili, hasa kwa unga ulionunuliwa sokoni ambao hamjui ulilala majini siku ngapi, na hasa katika miezi ya jua kali.

Shauri la ine: pandeni maharage, soya au karanga pembeni ya muhogo, na sehemu ya mavuno hayo ibaki nyumbani. Kikapu cha maharage kikienda chote sokoni, bugali unabaki peke yake. Sombe nayo ni chakula kizuri, lakini majani yenyewe yana sumu ile ile: yatwangwe vizuri na yachemshwe muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Na kama kuna mtu aliyepooza miguu ghafla kijijini, hasa mtoto, apelekwe haraka kituo cha afya. Inaweza kuwa konzo, inaweza kuwa polio au kitu kingine. Munganga peke yake ndiye wa kusema. Msimfiche, na msimtafute mchawi.

Watafiti wakija kwenu

Sasa turudi kwenye lile swali mlilotuuliza. Msiwafukuze, na msiwapokee mkiwa mmefunga macho. Wakae chini pamoja nanyi, mwaulize:

Mnatafuta kujua nini, na juu ya nini mmechagua kijiji chetu?

Mtachukua nini kwetu: maneno, udongo, mbegu, damu? Vitawekwa wapi?

Asiyetaka anaweza kukataa bila kukosa huduma yoyote?

Mtatulinganisha na nani?

Matokeo mtatuletea lini, na kwa lugha gani?

Mtafiti mzuri hatakasirika. Maswali hayo ndiyo yale yale anayopaswa kujibu kwao kabla ya kupewa ruhusa ya kuanza kazi. Akikosa majibu, mna haki ya kumwambia arudi siku atakayokuwa nayo.

Na msisahau kwamba ninyi pia mnaweza kuchunguza. Chukueni mihogo ya shamba moja, mbegu moja, siku moja ya kuvuna. Nusu iloweke siku mbili, nusu siku tatu. Pimeni uzito baada ya kukauka, ulizeni mnunuzi atalipa ngapi kwa kila moja, andikeni yote katika daftari la koperative. Mkirudia mara tatu au ine katika majira tofauti, mtakuwa na jibu lenu wenyewe juu ya hesabu ya soko, na hakuna mnunuzi atakayewadanganya. Ila sumu haionekani kwa macho wala haijulikani kwa ulimi siku zote. Kwa hiyo upande wa sumu, msijipimie kwa kuonja. Shikeni siku tatu.

Kwa mkutano wenu ujao tunawaomba mjadiliane mambo matatu. Katika kijiji chetu, muhogo unalala majini siku ngapi sasa, na wakati wa bibi zetu ulilala ngapi? Nani au nini kilizipunguza siku hizo? Na sisi, kama koperative, tunaweza kuzirudisha kwa njia gani bila mama yeyote kupata hasara? Wamama waseme kwanza, kwa sababu wao ndio wenye kuloweka. Majibu yenu mtupe kupitia wahamasishaji wanaowatembelea. Tutayasoma, na mashauri mazuri tutayapitisha kwa koperative zingine katika matoleo yanayofuata.